Mmebandika bendera yetu kwenye kifaru cha Amin!

Vidole vyangu vimejaa supa gluu, na utajua sababu sasa hivi.

Leo naomba nikutoe mjini. Panda basi la Tanga, ukifika Segera kata kulia, na kabla hujafika Muheza utaikuta Hale. Wengi mnaipita mkiwa usingizini. Wanaoijua wanaijua kwa mambo mawili: mkonge, na kituo cha umeme cha mto Pangani kilichoanza kazi mwaka 1964, megawati 21. Mimi naongeza jambo la tatu, nalo ni kijiwe chetu.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakutana chini ya mwembe wanaume watano wazima, wenye ndevu na madeni. Yupo fundi redio, mwalimu wa hisabati, kijana wa bodaboda, jamaa wa karakana ya mkonge, na mimi mwandishi wako. Kazi yetu ni kutengeneza vifaru. Si wale wa mbugani, bali hivi vya jeshi, vyenye mnyororo na mzinga, ila vya kukaa juu ya meza.

Najua unacheka. Hata mama muuza maandazi wa pale alicheka. "Nyie wanangu, hamna watoto wa kuwatengenezea hayo mamichezo?" Tukamjibu, "Shikamoo mama, watoto tunao, ila ni marufuku kugusa."

Kwanza nikupe stori kidogo ili ukibishana kijiweni kwako usitoke kapa. Kifaru kiliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa. Waingereza walipokuwa wanaviunda kwa siri walivipa jina la matangi, ili majasusi wadhani ni matangi ya maji, na jina likaganda hadi leo. Sisi Waswahili tukaangalia ngozi, uzito na hasira yake, tukasema hiki ni kifaru. Bila upendeleo, sisi ndio tulikipa jina la maana.

Sasa kutengeneza. Ulaya na Marekani watu wananunua boksi dukani, vipande vya plastiki vimeshakatwa, wewe unagundisha na kupaka rangi. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru chake cha kwanza cha namna hiyo, Panther ya Wajerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Skeli ilikuwa 1 kwa 35, yaani kila sentimita 35 za kifaru cha kweli zinakuwa sentimita moja. Unajua kwa nini 35? Walitaka ndani iingie mota na betri, wakapima nafasi, hesabu ikaangukia hapo. Hakuna maajabu. Leo skeli hiyo inatumika dunia nzima.

Sisi Hale hatuna boksi, ila tuna mkonge. Mkonge ukishazeeka unachomoza mlingoti mrefu katikati, unatoa maua mara moja tu, kisha unakufa. Mlingoti huo ukikauka unakuwa mwepesi kama sifongo na unachongeka kwa kisu cha jikoni. Ndicho kiwiliwili cha kifaru chetu. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji, mnyororo ni mpira wa tyubu la baiskeli, mzinga ni kijiti cha mwanzi.

Mwalimu alitufungua macho kwenye skeli. Kifuniko cha chupa kina upana wa sentimita 3. Gurudumu la kifaru aina ya T-54 lina sentimita 81. Gawanya 81 kwa 3 upate 27. Basi skeli yetu ni 1 kwa 27, chupa ya maji imetuamulia kama betri zilivyowaamulia Wajapani. Upana wa kifaru mita 3.27 unakuwa sentimita 12. Kimo mita 2.40 kinakuwa karibu sentimita 9. Urefu pamoja na mzinga, mita 9, unakuwa sentimita 33. Ukishajua hayo, rula inafanya kazi na ubishi unapungua.

Unapungua tu, hauishi. Sikiliza kilichotupata na kifaru chetu cha kwanza.

Tulikikazania miezi miwili. Kijana wa bodaboda alikuwa ametafuta picha kwenye simu, tukaifuata kama ilivyo. Magurudumu sita kila upande, yamekaa mawili mawili, na juu yake vigurudumu vidogo vya kubeba mnyororo. Fundi redio ndiye aliyevikata kimoja kimoja, mikono ile iliyozoea visehemu vya redio haitetemeki. Tukapaka rangi ya kijani. Mwisho, kwa mbwembwe zote, tukachora bendera ya taifa ubavuni. Tukasema hiki ni kifaru cha JWTZ, Vita vya Kagera, mwaka 1979.

Tukakiweka juu ya stuli pale kwenye kahawa ili watu watese macho. Ndipo akaja mzee mmoja jirani yetu, mtu wa maneno machache. Tulijua alikuwa askari zamani, basi, zaidi ya hapo hatukujua. Tukaamka: "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu." Akainama, akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, mpaka sita. Akatabasamu upande mmoja.

"Wanangu, mmebandika bendera yetu kwenye kifaru cha Amin."

Kijiwe chote kicheko. Sisi kimya.

Babu akavuta kigoda. Kifaru chetu sisi, alisema, kilikuwa na magurudumu matano. Na lile la kwanza halikai na wenzake, limejitenga kama mtu aliyenuniwa. Juu hakuna vigurudumu, mnyororo unalalia magurudumu yenyewe. Na gurudumu lenye meno, lile linalovuta mnyororo, liko nyuma, si mbele kama mlivyoweka.

Mwalimu akatoa simu, akachokonoa. Mzee yuko sahihi kila neno. Picha tuliyofuata ilikuwa ya Sherman, kifaru cha Kimarekani. Uganda ilikuwa nayo machache iliyopata kutoka Israel, kabla Amin hajavunja urafiki na nchi hiyo mwaka 1972. Sisi tulikuwa na Type 59 za Kichina, ambazo ni nakala ya T-54 ya Warusi. Tani 36, watu wanne ndani, mzinga wa milimita 100.

"Babu, wewe ulikuwa dereva wa vifaru?"

"Mimi nilikuwa wa miguu. Ukitembea nyuma ya kitu kutwa nzima, utaacha kukijua?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwalimu akasema tuanze upya. Fundi redio akakataa katakata. Miezi miwili ya kukata vigurudumu, usiku, kwa miwani ya kuazima, halafu aambiwe kazi bure? "Nani atahesabu magurudumu? Kifaru ni kifaru bwana!" Akachukua bisibisi zake akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Na ya pili hakuja. Msomaji wangu, kijiwe cha watu watano akikosekana mmoja kinapwaya kama kiatu cha kurithi. Nami nilikuwa nusu upande wake, sikufichi. Kukosolewa mbele ya watu kunauma, hasa na mtu ambaye hawezi kukosea.

Tukaanza cha pili watu wanne. Babu naye akawa anakuja, anakaa pembeni na kikombe chake. Hatumuulizi, anasema mwenyewe, sentensi moja kwa saa. "Bomba la moshi liko kushoto. Sisi tulikuwa tunapenda kutembea kulia." Tukalihamishia kushoto. "Nyuma kulikuwa na madumu mawili ya mafuta." Tukakata bomba la plastiki la nusu inchi, vipande viwili vya sentimita 3, yakatokea madumu kabisa. "Na kamba nene ya kuvutana, chuma." Hapo Hale tulicheka, maana kamba ndiyo tunayo. Jamaa wa karakana akasokota katani nyembamba, akaipaka risasi ya penseli mpaka ikang'aa kama waya.

Kwa wewe usiyekumbuka shule: majeshi ya Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere akatangaza vita Novemba. Machi 1979 kulikuwa na mapambano makali Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, na Walibya wakiwa upande wa Amin. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo yako vitabuni. Babu hakutueleza hata moja kati ya hayo. Yeye alieleza vumbi, joto la bati, na upande wa moshi.

Jumapili ya tatu tukafika kwenye mfuniko wa dereva. Kwenye kifaru hiki dereva anakaa mbele kushoto, juu ya kichwa chake kuna mfuniko mdogo. Mimi nilikuwa nimeshapaka gundi ili niubandike ufungwe moja kwa moja. Babu akanishika mkono.

"Huo uacheni wazi."

Kijana wa bodaboda, mdomo wake hauna breki, akauliza kwa nini. Babu akanywa kahawa. Tukadhani hatajibu. Kisha akasema dereva alikuwa rafiki yake, na tukisimama alikuwa anampa sigara kupitia hapo. Mkono tu ndio ulikuwa unatoka. "Siku ya mwisho ulikuwa umefungwa." Akaweka kikombe chini, akaaga, akaenda zake.

Hatukufanya kazi tena siku ile.

Sijui nani alimpelekea fundi redio habari. Jumapili iliyofuata tukamkuta yeye wa kwanza kufika, amekaa chini ya mwembe. Hakusema samahani, nasi hatukuiomba. Alifungua kiberiti, ndani kulikuwa na bawaba ndogo kuliko punje ya mchele, ameikunja kwa waya wa redio. Akaufunga mfuniko pale kwa koleo, akaujaribu kwa ukucha. Unafunguka na kufunga. Mpaka leo sijaona kazi safi kama ile.

Tulipomaliza tukachanganya udongo mwekundu wa Hale na gundi ya mbao, tukauchapa kwenye mnyororo na pembeni kwa mswaki mkuukuu. Kifaru kisafi ni kifaru cha gwaride. Kisha tukambebea babu nyumbani, mfuniko wazi. Alikigeuza akatazama nyuma kwanza. Akahesabu magurudumu. Akasema, "Hiki ndicho," akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Siku mbili baadaye mwanawe anayefanya kazi Dar akanipigia. "Kaka, mmempa nini mzee? Jana kawaweka wajukuu mpaka saa sita usiku anawahadithia vita. Mimi nina miaka arobaini, sijawahi kusikia hata neno." Nikamwambia tumempa vifuniko vya chupa.

Cha kwanza hatukukivunja. Fundi redio amefuta bendera, kinakaa kwenye kibanda chake cha redio, na mteja akiuliza anajibu kwa madaha: "Hicho Sherman, cha Amin. Hesabu magurudumu."

Sasa wewe wa mjini, usiniambie huna mkonge. Boksi la viatu linatosha kwa kiwiliwili, kopo la maziwa kwa mabati, vifuniko viko kila mtaa. Anza na kupima gurudumu ulilonalo, ndipo upige skeli, usianze kinyume. Picha usitafute moja, tafuta tano, na ujue ya nani. Tafuta na wenzako wawili watatu wasioogopa kukwambia umekosea. Na kama mtaani kwako yupo mzee aliyetembea nyuma ya hicho kitu, msalimie, muwekee kigoda, halafu nyamaza.

Kijiweni kwetu safari hii tunaunda lori la jeshi. Mwalimu na fundi redio wameshanuniana kuhusu idadi ya matairi, kwa hiyo kazi inakwenda vizuri.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kaa chonjo!