Ujasiri Bila Mafunzo Haufiki Mbali



Shule zikifungwa Agosti, kijana wa miaka 15 au 17 hubakiwa na tuisheni, mpira na simu. Misikiti mingi huandaa darsa za likizo, na hiyo ni kheri kubwa. Lakini kuna somo ambalo wengi wetu hatujawapa vijana wetu: vipi kusimama mbele ya mwenye mamlaka ukadai haki yako bila matusi, bila woga na bila hongo.

Mtaani tunajua mambo yanavyokuwa. Kijana anashikwa kwenye msako, hajui aseme nini. Anaambiwa tia sahihi, anatia. Mzazi anaamshwa usiku, anachangisha jamaa na majirani, kijana anatoka, na hakuna anayeuliza alishikwa kwa kosa gani. Kesho anashikwa mwengine.

Ilhali Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 49 kinasema aliyeshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 53 kinasema aliye chini ya miaka 18 asizuiliwe ila iwe hakuna njia nyengine, na akizuiliwa atengwe na watu wazima.

Kusoma haya kwenye simu ni rahisi. Tochi ikimulikwa usoni, mdomo unakauka. Ndiyo maana tunasema kambi, si mhadhara wa saa moja. Siku tano au saba vijana wakae pamoja, mmoja awe polisi, mwengine awe mshikwa, warudie mpaka ulimi uzoee. Siku nyengine wajifunze kuandika ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 37 kinatupa haki hiyo, pamoja na ya kuandamana kwa amani bila silaha. Na kwa kuwa mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, Agosti ndio wakati wa kuuliza: zahanati yetu imo? Maji yamo?

Uongozi nao hufunzwa kwa vitendo. Vijana wenyewe waendeshe shura, waandike kumbukumbu za kikao, washike pesa za chai na watoe hesabu. Dada zetu wasiishie jikoni. Wao pia waongoze vikao, maana nao hudaiwa hongo na kuzungushwa maofisini.

Wengi wamemsikia Rosa Parks, yule mama mshonaji wa Montgomery, Marekani, aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi tarehe 1 Desemba 1955. Wachache wanajua kuwa miezi michache kabla, mwaka huohuo, alihudhuria mafunzo ya wiki mbili ya kupigania haki katika shule ya Highlander, Tennessee. Aliporudi mjini kwake, nyuma yake palikuwa na watu waliojipanga. Waliyasusia mabasi kwa siku 381 mpaka sheria ya ubaguzi ikaanguka. Ukimwona mtu ametulia mbele ya polisi, jua kuna mahali alijiandaa.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta asili ya jambo hili. Mtume wetu (SAW), akiwa kijana kabla ya kupewa utume, alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni alikuwa amedhulumiwa mali yake Makka, watu wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa mpaka apate haki. Baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mkataba kama ule, angeitikia.

Tunajua hofu za wazazi. "Mwanangu asije akaingia siasa." Mzazi mpendwa, siasa tayari imeingia nyumbani kwako: kwenye bei ya unga, kwenye foleni ya kitambulisho, kwenye karo. Mwanao akitimiza miaka 18 na kujiandikisha kwa wakati, atapiga kura Agosti 2027. Bora apige akijua anachokifanya.

Tunajua pia kuna watakaosikia "kambi ya vijana wa Kiislamu" wakafikiria mabaya. Jawabu ni uwazi. Ratiba ibandikwe msikitini, wazazi watie sahihi na wakaribishwe wakati wowote, wakili awepo, chifu akitaka kuja aje. Wanaowavuta vijana wetu gizani hufurahi wakiona hatuna mahali penye mwangaza pa kuwaweka.

Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Madrasa zina madarasa, mama zetu wanajua kupikia watu wengi, na katika jamaa zetu hakosi wakili au mwalimu mstaafu wa kutoa siku moja fisabilillahi.

Kijana unayesoma haya, usingoje uitwe. Ijumaa hii baada ya swala, nenda na wenzako watatu kwa imamu au mwenyekiti wa kamati, muombeni nafasi ya wiki moja Agosti. Akikataa, muulizeni sababu kwa adabu, na rudini Ijumaa ya pili. Hilo tayari ni somo la kwanza.

Wabillahi tawfiq.