Mwenye "Mbube" ni Solomon Linda

SIKIO LA JUMAPILI
Na Mwanaidi Shekue

Jumanne iliyopita, katika kipindi cha zilipendwa, mtangazaji mmoja aliupiga wimbo "The Lion Sleeps Tonight" wa kundi la The Tokens. Akausifu, na unastahili sifa. Kisha akasema ni wimbo wa Kimarekani uliotikisa dunia mwaka 1961. Nilikuwa napepeta mchele. Nikauweka ungo chini.

Kwamba ulitikisa dunia ni kweli. Tarehe 18 Desemba 1961 ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100, ukakaa hapo wiki 3. Tanganyika ilikuwa na siku 9 tangu ipate uhuru. Waimbaji walikuwa vijana wa Brooklyn, New York, na wimbo wenyewe uliwekwa upande wa pili wa santuri, maana kampuni ilitegemea zaidi wimbo wa upande wa kwanza, "Tina". Santuri ikageuzwa, na upande wa pili ndio uliopendwa.

Lakini sauti iliyopendwa ilizaliwa Johannesburg miaka 22 kabla.

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 huko Msinga, Natal, akaenda mjini kutafuta kazi kama vijana wengi wa Kizulu wa wakati wake. Hakujua kusoma wala kuandika. Aliongoza kundi la Evening Birds, wanaume waliovaa suti nadhifu na kuimba bila kutegemea zaidi ya koo zao, ingawa studioni waliongezewa gitaa, banjo na piano. Mwaka 1939 waliingia studio ya Gallo na kurekodi "Mbube", neno la Kizulu lenye maana ya simba. Waliurudia mara tatu, na mara ya tatu ndiyo iliyobaki.

Nakuomba, msomaji, uitafute rekodi ile uisikilize mpaka mwisho. Sauti nene zinakwenda chini, zinazungukia maneno yale yale kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa mipigo ya zamu. Juu yake Linda anapaa kwa sauti nyembamba. Mara anaita, mara analia, mara anaachia sauti bila neno lolote, na huwezi kujua atakwenda wapi. Sekunde za mwisho kabisa, wimbo ukikaribia kufungwa, anatoa kipande kifupi alichokibuni papo hapo mbele ya kipaza sauti. Kipande hicho ndicho kilichobebeshwa maneno ya Kiingereza mwaka 1961. Kila mtoto wa dunia hii anayeimba habari za simba aliyelala anaimba sekunde hizo za Linda.

"Mbube" iliuza takriban santuri 100,000 katika miaka kama 10, na uimbaji mzima wa aina ile ukaanza kuitwa mbube. Ladysmith Black Mambazo wametoka katika ukoo huo.

Njia iliyoufikisha wimbo Marekani haikuwa ya siri. Mtafiti Alan Lomax alimpa santuri Pete Seeger, mpiga banjo wa kundi la The Weavers. Seeger hakujua Kizulu. Waimbaji walikuwa wakisema "uyimbube", yeye akasikia "wimoweh", akaandika hivyo, na The Weavers wakautoa kwa jina hilo. Mwaka 1960 Miriam Makeba aliurekodi kwa jina lake halali, "Mbube", kwenye albamu yake ya kwanza huko Marekani. Mwaka uliofuata George Weiss akaupangia maneno mapya na kuwapa The Tokens. Watunzi waliotajwa walikuwa watu wengine, Linda hakuwamo.

Linda mwenyewe alikuwa ameuza haki zake zote kwa kampuni iliyomrekodi, kwa shilingi 10. Kampuni hiyo ilimpa na kibarua ghalani, cha kufagia na kuchemsha chai. Mwaka 1959 alianguka jukwaani. Wimbo ulipokuwa kileleni kule Marekani yeye alikuwa mgonjwa wa figo, na tarehe 8 Oktoba 1962 akafariki. Familia ilikaa miaka 18 bila uwezo wa kumwekea jiwe la kaburi.

Najua jibu la wengi: alitia sahihi mwenyewe, nani alimlazimisha? Jibu hili limenichosha kwa sababu nimelisikia nyumbani pia. Mjomba wangu alipiga gitaa la solo miaka mingi. Nyimbo tatu za bendi yao alizitunga yeye, na siku ya kurekodi aliwekewa karatasi mbele yake, akapewa nauli na chakula cha mchana. Aliitia sahihi kwa furaha. Mtu aliyesubiri miaka kusikia sauti yake redioni hasomi karatasi. Na mjomba alijua kusoma. Linda hakujua, tena alikuwa Mwafrika chini ya sheria za ubaguzi, hana wakili wala chama cha kumsemea. Sahihi ya namna hiyo inathibitisha shida ya mtu. Ridhaa yake haithibitishi.

Wala si mimi wa kwanza kuliona hilo. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilikubali kwamba mtunzi anaweza kuuza jasho lake kwa bei ya kutupa. Ikaweka kifungu: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizoziuza zirudi kwa warithi wake. Kifungu hicho kililala muda mrefu mpaka mwanasheria wa Afrika Kusini, Owen Dean, alipokiamsha. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alikuwa amekwisha kuieleza dunia, katika jarida la Rolling Stone, jinsi mabinti wa Linda walivyoishi kwa dhiki huku wimbo wa baba yao ukiingiza mamilioni ya dola. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 nayo ilikuwa imeutumia, filamu ambayo mhusika wake mkuu anaitwa Simba, kwa Kiswahili chetu. Mwaka 2004 Dean akaishtaki Disney, kampuni yenye filamu hiyo, na mahakama ikazikamata alama zake za biashara nchini Afrika Kusini, hata ya Mickey Mouse, kuwa dhamana ya kesi. Februari 2006 yakafikiwa makubaliano na kampuni iliyomiliki "The Lion Sleeps Tonight": warithi walipwe fidia ya nyuma, wapate mirabaha ya mbele, na Solomon Linda atambuliwe kuwa mmoja wa watunzi.

Sitaki kuwanyima vijana wa Brooklyn haki yao. Waliimba vizuri, na ile sauti ya mwanamke inayoelea juu yao, ya Anita Darian, bado inanisisimua. Weiss naye alifanya kazi yake. Lakini ukiyaondoa maneno ya Kiingereza, wimbo unabaki na watu watauimba. Ukiziondoa sekunde za Linda, hakuna kitu cha kuimba.

Wadogo zangu mnaoimba leo mnawekewa mikataba mbele yenu kila wiki, mirefu kuliko ya Linda na iliyoandikwa kwa lugha ngumu zaidi. Usiitie sahihi siku unayopewa. Nenda nayo nyumbani, mtafute anayejua sheria, sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaipeleka kwa mtu. Tazama hasa mstari unaosema haki zinauzwa moja kwa moja. Ukiuona, rudisha karatasi.

Na kwa mtangazaji wa Jumanne, ambaye namsikiliza kila wiki na nitaendelea kumsikiliza, nina ombi moja. Ukiupiga tena wimbo ule, wataje The Tokens, utaje na mwaka 1961, kisha utaje jina la mtunzi: Solomon Linda, Johannesburg, 1939.