Nilihama Nairobi, Bado Sijaomoka: Hesabu Zote Hizi Hapa

Wasee, kuna swali moja nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hivyo leo nalijibu mara moja mbele ya kila mtu. "Kwani ulishindwa na Nairobi?"

Niko Kitale, miezi kumi na minne sasa. Sina shamba hapa, sina mjomba hapa, na hapana, sikufuata msichana. Nilipanda basi la usiku na kompyuta, godoro, sufuria mbili na taa yangu ya kurekodia video. Nikashuka asubuhi kwa baridi ambayo hakuna mtu alikuwa ameniambia iko. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo unaweza kufikiria venye familia iliichukua. Kwanza ameacha shule, sasa ameacha mji. Mamangu alisema neno moja tu: "Umekimbia."

Hiyo ndiyo imani tumelelewa nayo. Mtu akienda Nairobi, anaenda kutafuta. Akitoka Nairobi, amekosa. Hata lugha yetu inasema hivyo: tunaenda Kanairo, lakini ocha tunarudi. Mimi nasema imani hiyo ndiyo inatuweka maskini, na sitaki uniamini bure. Wacha nikupe hesabu.

Mwezi wangu wa mwisho Nairobi

Kazi yangu ni kurekodi na kuhariri video za biashara za watu, pamoja na hizi zangu mnazoziona. Mwezi huo niliingiza 48,000. Kwa kijana wa miaka ishirini na mbili asiye na cheti, hiyo si mbaya. Marafiki zangu walidhani nimeshika. Sasa angalia ilikoenda:

Kodi ya bedsita Kasarani, 10,000.
Maji na takataka, 800.
Tokeni za stima, 1,200.
Intaneti, 3,000.
Chakula, 14,000.
Matatu na nduthi, 6,000.
Kutoka na mbogi wikendi, 7,000.
Mama, 4,000.

Jumla 46,000. Zilibaki ngiri mbili, na hizo Fuliza ilikuwa inazingoja mlangoni. Pesa ikiingia, wao wanakata kwanza, mimi nabaki nikiangalia meseji.

Najua mtu atasema, "Lakini hizo 7,000 za wikendi ni ujinga wako." Ni kweli. Lakini niambie ukweli pia: ukiishi mahali ambapo kila mtu wa rika lako anakuita Ijumaa, na kazi nusu inapatikana kwa kuonekana, utakataa mara ngapi? Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa naingiza 30,000 na nilikuwa nabaki na ile ile ngiri mbili. Mapato yaliongezeka 18,000, na mji ukazimeza zote bila hata kunishtua. Nilihama chumba, nikaanza kuagiza chakula, nikaanza kupanda nduthi badala ya kutembea. Hakuna siku nilikaa chini nikaamua kuishi hivyo.

Mwezi wa kawaida Kitale

Nianze na habari mbaya juu watu wa "hamia mashinani utajirike" huwa wanaificha. Mapato yangu yalishuka. Mteja mmoja aliyekuwa ananilipa 13,000 alitaka mtu wa kufika ofisini kwake kila wiki, akaniacha. Baada ya miezi miwili nilipata maduka mawili ya agroveti hapa mjini, nawatengenezea video fupi za kueleza mkulima dawa na mbegu. Pamoja yananipa 8,000. Kwa hivyo sasa naingiza 43,000, ngiri tano chini ya Nairobi. Matumizi ndiyo haya:

Kodi, 6,500, na hii ni nyumba ya chumba kimoja cha kulala, sebule na jikoni.
Maji na takataka, 300.
Tokeni, 900.
Intaneti, 3,000. Hii haijali uko wapi.
Chakula, 8,000. Napika, na maziwa, mboga na unga hapa havijasafiri.
Usafiri, 1,300. Mji wote natembea.
Kutoka, 2,000.
Mama, 5,000. Nimemwongezea.

Jumla 27,000. Ongeza 4,000 za kwenda Nairobi mara moja kwa mwezi kuona wateja na kulala kwa rafiki. Zinabaki 12,000.

Soma tena. Naingiza pesa kidogo kuliko Nairobi, na nabaki na mara sita ya nilichokuwa nabaki nacho. Hapo ndipo hoja yangu iko. Utajiri wa mtu wa kawaida unaanzia kwa lile pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka, na kwa wengi wetu Nairobi kazi yake ni kuliziba kila likifunguka.

Na si eti Wakenya wote wako Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Nairobi walikuwa milioni 4.4. Yaani hata mmoja kati ya kumi hatufiki, lakini ukiangalia simu yako utadhani nchi inaishia Thika. Kaunti 47 zilianza kazi 2013, na Katiba inataka zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Unaweza kulalamika kuhusu magavana siku nzima, na mimi nitakusaidia, lakini hiyo pesa inalipa mishahara ya wauguzi, makarani na wanakandarasi ambao wananunua vitu kwa miji hii. Nakuru ikawa jiji 2021, Eldoret 2024. Yule mwenye agroveti hajawahi kuhitaji mteja wa Westlands. Anahitaji mkulima wa Kwanza na Endebess amwone kwa simu.

Mambo ambayo hawakuambii

La kwanza: usihame bila kazi ukidhani utaipata huku. Kitale haijaweka pesa mahali ikikungoja. Kama kazi yako ni ya kuwa pale mwili wako uko, hospitali, jikoni, mjengo, basi kodi nafuu haitakusaidia mpaka uwe na nafasi mkononi. Mimi niliweza kwa sababu kazi yangu inabebeka. Kabla ya kuhama nilifanya jaribio: miezi miwili sikukutana na mteja yeyote uso kwa uso, kila kitu kwa simu. Waliobaki ndio niliobeba.

La pili: nilihamia mji ambao si kwetu, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Kwetu ni Vihiga. Huko ardhi imegawanywa mpaka ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Na ukirudi kwenu ukiwa na 12,000 za ziada kila mwezi, kuna mazishi, kuna karo, kuna harambee, kuna binamu. Si watu wabaya. Mimi mwenyewe nililipiwa karo na watu kama hao. Lakini ukiwa mbali kidogo unaweza kusaidia kwa mpango. Ukiwa mlangoni pao, unasaidia mpaka unaanza kuomba.

La tatu: bei nafuu inaweza kukufanya mjinga. Nilipoona zimefika 36,000 nikajiona bwana mkubwa wa nafaka. Mwisho wa Desemba nikanunua gunia kumi za mahindi kwa 3,200 kila moja, juu kila mtu hapa anajua bei hupanda kuanzia Mei. Magunia mapya, usafiri na mahali pa kuweka vikanigharimu 3,000. Jumla 35,000. Lakini sikupima unyevu. Mahindi ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mimi niliyauma kwa meno nikasema yamekauka. Mzee aliyeniuzia alijua, nadhani. Mei nikafungua, gunia tatu zimeota ukungu, na mahindi ya ukungu huuzi, hulishi hata kuku, unatupa. Saba nikauza kwa 4,000, nikapata 28,000. Nimekula hasara ya ngiri saba kwa mwaka ambao bei ilipanda kweli. Hata zingekuwa zote nzima, faida ilikuwa 5,000 tu kwa miezi mitano. Vijana waliozaliwa hapa walinicheka vizuri sana.

Kwa hivyo ukisikia mtu anakuambia mashinani kuna pesa rahisi, muulize anauza nini. Na ploti ya 50 kwa 100 usinunue mwaka wa kwanza. Hujui maji yanapita wapi msimu wa mvua, hujui familia gani iko kortini na nani. Ukifika wakati, fanya upekuzi kwa ofisi ya ardhi mwenyewe, usitumiwe picha ya hati kwa WhatsApp.

La nne linaniuma kidogo. Kinyozi wangu aliniambia, akininyoa, "Nyinyi watu wa Nairobi mnatupandishia kodi." Nilitaka kubisha nikakosa la kusema. Nyumba yangu ilikuwa 5,500 kabla yangu. Landilodi aliangalia kompyuta yangu akaongeza ngiri moja, nami nikalipa haraka kwa sababu kwangu ilikuwa bei ya kutupwa. Kwa kijana wa hapa anayepata 15,000, si ya kutupwa. Sina suluhisho la hilo. Nachofanya ni kununua hapa kila ninachoweza, na kuna kijana wa hapa namlipa akinisaidia kurekodi nikizidiwa. Lakini nisijifanye eti kuhama kwangu hakukumgusa mtu.

Nafanya nini na zile 12,000

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama umehama au umebadilisha tu mandhari. Pesa inatoka siku ile ile inaingia, kabla sijanunua hata kitunguu. 6,000 zinaenda kwa MMF, ile mifuko ya uwekezaji ambayo baadhi yake unaanza hata na soo moja. Hakikisha imepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, si mtu wa Telegram. 6,000 nyingine zinaenda Sacco, kwa sababu Sacco nyingi zitakukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na siku nikitaka kamera nzuri sitaki kukopa kwa programu ya simu. Nikifika mahali pazuri naangalia hati fungani za serikali. Hizo unaanza na 50,000, na akaunti ya Benki Kuu unaifungua kwa simu.

Miezi miwili ya kwanza sikuweka kitu, kuhama kwenyewe kulikula kila shilingi. Iliyobaki kumi na miwili, ukitoa zile ngiri saba za mahindi na kuongeza riba, leo nina 145,000 na ushee. Pia nina deni la HELB ambalo sijamaliza, na kuanzia mwezi huu sehemu ya zile 12,000 inaenda huko. Kwa hivyo sijaomoka. Kuna watu wanatumia 145,000 kwa wikendi moja Naivasha. Lakini ni mara ya kwanza maishani mwangu nikiugua wiki mbili sitaanza kupiga simu za aibu.

Sasa turudi kwa mama. Anauza mboga Kayole. Amelipa kodi ya chumba huko tangu kabla sijazaliwa, miaka ishirini na mitano. Siku moja nilipiga hesabu nikiwa peke yangu. Hata ukisema wastani ni 4,000 kwa mwezi, na kuna wakati ilikuwa chini na saa hii iko juu, hiyo ni shilingi milioni moja na laki mbili. Hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Hajawahi kuwa mvivu hata siku moja, anaamka saa tisa usiku kwenda soko. Na bado kwake yeye mimi ndiye niliyekimbia.

Sijamwonyesha hiyo hesabu. Sitaki ajue kwamba niliipiga. Lakini mwezi uliopita alikuja kunitembelea siku nne, akazunguka soko la hapa akishika sukuma wiki na kuuliza bei kama mtu wa ushuru. Usiku, tukila, akaniuliza kibanda cha pale karibu na stendi kinakodishwa pesa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kula. Sikusema kitu, na nyinyi mkimjua msimwambie nimeandika.

Sikuambii uhame. Nakuambia leo usiku, kabla ulale, fungua M-Pesa yako, chukua miezi mitatu iliyopita, andika kilichoingia na kilichobaki. Kama mapato yameongezeka na kinachobaki ni kile kile, basi jiulize unamfanyia nani kazi.