Taji na Katiba: Ngao au Kamari?

Ufalme wa kikatiba ni moja ya mambo ya siasa ambayo watu huyatolea hukumu kabla ya kuyachunguza. Wako wanaoutupa kando kwa neno moja, kwamba ni mabaki ya ukabaila. Wako pia wanaoutazama utulivu wa Norway, Denmark na Uholanzi, wakakata shauri kwamba taji ndilo lililouleta. Kauli zote mbili ni za haraka. Mfumo huu unatumika hadi leo katika nchi zenye mabunge yenye nguvu na vyama vya wafanyakazi vilivyo imara. Kwa hiyo unastahili kupimwa kwa matendo yake, wala si kwa sifa au kwa kebehi.

Jambo lenyewe si geni kwa Watanzania. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, Mkuu wa Nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa mjini Dar es Salaam na Gavana Jenerali, mpaka Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba, 1962. Zanzibar nayo ilipata uhuru Desemba, 1963, chini ya Sultani wa kikatiba, na utaratibu huo ukadumu mwezi mmoja tu, hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964. Lakini muda wa mwaka mmoja, au wa mwezi mmoja, hautoshi kuupima mfumo wowote. Mizani iliyo bora zaidi imo Ulaya, ambako mfumo huu ulikulia, na hasa Hispania.

Hoja ya watetezi wa taji ni nyepesi kuieleza. Katika ufalme wa kikatiba, mfalme hukalia kiti cha heshima, Waziri Mkuu huendesha serikali, na Bunge hutunga sheria. Kwa kuwa kiti cha mfalme hakigombewi, taifa haligawanyiki kwa ajili yake. Serikali huja na kuondoka, dola ikabaki. Mtumishi wa serikali naye hujiona anaitumikia nchi, si mwanasiasa aliyeshinda uchaguzi wa jana. Hoja hii haifai kudharauliwa, hasa kwa kuwa zipo jamhuri zilizogeuzwa kuwa mali ya ukoo. Rais Gnassingbé Eyadéma wa Togo alipofariki mwaka 2005, baada ya kutawala kwa miaka 38, kiti chake kilikaliwa na mwanawe. Jina la jamhuri peke yake halimzuii mtu kurithisha Ikulu.

Ushahidi mkubwa wa watetezi hao ni tukio la Hispania la tarehe 23 Februari, 1981. Siku hiyo Luteni Kanali Antonio Tejero aliingia Bungeni mjini Madrid, bastola mkononi, akiwa na askari wapatao 200, akawateka wabunge waliokuwa wakipiga kura ya kumthibitisha Waziri Mkuu mpya. Mjini Valencia Jenerali Jaime Milans del Bosch aliingiza vifaru mitaani. Demokrasia ya nchi hiyo ilikuwa bado changa, kwani Jenerali Franco alikuwa amefariki mwaka 1975, na Katiba mpya ilikuwa imepitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978. Usiku ule Mfalme Juan Carlos aliwapigia simu makamanda wa mikoa. Baada ya saa saba ya usiku akatokea kwenye televisheni akiwa amevaa sare ya Amiri Jeshi Mkuu, akatamka kwamba taji halitavumilia jaribio la kuipindua demokrasia kwa nguvu. Siku iliyofuata wabunge waliachiwa huru.

Hapana shaka kwamba usiku ule taji lilikuwa ngao. Lakini yafaa kuuliza: kwa nini majenerali walimtii? Wengi wao hawakuwa wapenzi wa Katiba. Walimtii kwa sababu alikuwa mkuu wao wa kijeshi, na kwa sababu Franco mwenyewe ndiye aliyemteua mwaka 1969 kuwa mrithi wake. Tena, baadhi ya waasi walidai kwamba wanatenda kwa jina la Mfalme, na mmoja wa viongozi wao, Jenerali Alfonso Armada, alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika nyumba ya Mfalme. Uasi ulitafuta nguvu katika taji, na ukavunjwa kwa nguvu ya taji lile lile. Hatima ya taifa zima iliamuliwa na dhamiri ya mtu mmoja.

Je, dhamiri hiyo ingekuwa nyingine? Historia imekwisha kujibu. Nchini Italia, Oktoba, 1922, Mafashisti walipokuwa wakielekea Roma, serikali ilimpelekea Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu amri ya hali ya hatari aitie sahihi. Alikataa, kisha akamwita Mussolini aunde serikali. Nchini Ugiriki, Aprili, 1967, Mfalme Constantine aliwaapisha watu wa serikali ya makanali waliopindua nchi. Alipojaribu kuwaondoa Desemba ya mwaka huo alishindwa, akakimbilia uhamishoni. Norway ilikuwa na bahati njema zaidi. Mwaka 1940 Mfalme Haakon aliwaambia mawaziri wake kwamba ni afadhali ajiuzulu kuliko kumteua Quisling kama Wajerumani walivyotaka. Wafalme hawa wote walikuwa wa kikatiba. Waitalia walilifuta taji kwa kura mwaka 1946, na Wagiriki wakafanya vivyo hivyo mwaka 1974. Ngao ambayo siku moja hukinga na siku nyingine humfungulia adui mlango haiwezi kuitwa ngao. Hiyo ni kamari.

Hakuna masika yasiyo na mbu, na Hispania haikupewa usiku ule wa mwaka 1981 bila malipo. Katiba yake inasema kwamba mfalme haguswi na sheria, wala hawajibiki. Kwa miaka mingi shukrani za taifa zikaongeza ukimya juu ya ukimya, na mambo ya fedha za Mfalme hayakuchunguzwa kwa dhati. Mwaka 2012, wananchi wakiwa katika dhiki kubwa ya ukosefu wa kazi, ilifahamika kwamba amevunjika nyonga alipokuwa Botswana kuwinda tembo. Mwaka 2014 alimwachia kiti mwanawe, Felipe. Baadaye zikaibuka habari za mamilioni ya dola kutoka Saudi Arabia. Mwaka 2020 Mfalme Felipe alitangaza kuukana urithi wa baba yake na kumkatia posho, na mzee huyo akahamia Abu Dhabi. Alilipa kodi alizokuwa hajalipa, na Machi, 2022, waendesha mashtaka wakafunga majalada bila kumshtaki. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba baadhi ya mambo yalifanyika alipokuwa bado mfalme, na kwa hiyo hayagusiki.

Mtu yule yule, basi, ndiye aliyeiokoa Katiba na ndiye aliyekaa juu yake. Faida na hasara za ufalme huu hazitoki katika visima viwili. Chimbuko lao ni moja: mkuu asiyechaguliwa na asiyeulizwa.

Waswidi walilielewa jambo hili. Katiba yao iliyoanza kutumika mwaka 1975 ilimwondolea mfalme madaraka yote ya serikali. Hateui Waziri Mkuu, kazi ambayo humwangukia Spika wa Bunge kuianzisha, wala hatii sahihi sheria. Huyo ni mfalme asiyeweza kumkaribisha Mussolini wake. Lakini pia hawezi kuwazuia waasi wa usiku mmoja. Kama Uswidi imetulia, sifa si za taji, bali za Bunge, mahakama, watumishi wa serikali wasionunulika, na shule zinazomfundisha mtoto kwamba sheria ni ya wote.

Taifa lina haki ya kubaki na mfalme wake likipenda, kama Wanorway walivyoamua kwa kura mwaka 1905. Lisilopaswa kufanya ni kumkabidhi mtu mmoja ulinzi wa uhuru wake, kisha likaenda kulala. Na onyo hilo haliwahusu wenye wafalme peke yao. Rais asiyeweza kuulizwa na Bunge, wala kufikishwa mahakamani, wala kuondolewa kwa kura, ni mfalme aliyekosa taji tu. Mwalimu anapofundisha uraia, na mtumishi wa serikali anapopokea amri, swali lao liwe ni moja: mwenye madaraka haya anaulizwa na nani? Palipo na jibu la wazi, wananchi wanatawaliwa kwa katiba. Pasipo na jibu, wanatawaliwa kwa bahati.