Bastola ya mwaka 1917 ina barua yake, maganda ya Bujumbura hayana

Wiki iliyopita tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kudhani tungelifanya. Tulishika bastola kwa hiari yetu. Sisi tuliokimbia Bujumbura mwaka 2015, ambao hadi leo tukisikia fataki za tarehe 4 Julai huwa tunaangalia mlango uko wapi, tulikwenda uwanja wa shabaha nje ya jiji la Louisville, Kentucky, kwa mwaliko wa mzee mmoja wa Kimarekani tunayefanya naye kazi ghalani. Jamaa zetu waliposikia, wengine walicheka na wengine walikasirika. Tunawaomba watusikilize kwanza.

Mzee huyu anakusanya bastola za zamani za silinda, zile za fremu kubwa ambazo kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuzitengeneza mjini Springfield, Massachusetts, mwaka 1908. Ya kwanza kabisa wapenzi wake huiita Triple Lock kwa sababu silinda yake ilifungwa kwa makomeo matatu. Zilitengenezwa kama 15,000 tu, kisha mwaka 1915 kampuni ikaondoa komeo la tatu na bei ikashuka kwa dola mbili. Mzee anasimulia habari hiyo kwa uchungu utadhani aliibiwa yeye mwenyewe.

Aliyotupa tufyatue ni ya mwaka 1917. Jeshi la Marekani lilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia halikuwa na bastola za Colt za kutosha, ndipo likaagiza hizi za silinda zitumie risasi zile zile za .45. Kwa kuwa risasi hizo hazina ukingo wa kusukumwa nao zitoke, zilibuniwa bamba ndogo za chuma zenye umbo la nusu mwezi, kila moja ikishika risasi tatu. Smith & Wesson peke yake ilitengeneza zaidi ya 160,000. Ni chuma cha karibu kilo moja. Tulipiga sita, na moja tu ndiyo iliyogusa karatasi.

Lakini si mlio uliotushtua. Bastola ya silinda haitemi maganda, yanabaki humo humo mpaka uyatoe mwenyewe. Mzee aliyatoa yote sita, akayahesabu, akayaweka kwenye kisanduku ili akayajaze baruti upya nyumbani. Sisi tukakumbuka asubuhi za Bujumbura, watoto wakiokota maganda barabarani na kuyapigia mluzi. Jirani yetu alipouawa mwaka ule yaliokotwa matatu mlangoni pake. Sisi kwa mazoea ya kazi tuliandika daftarini alama zilizokuwa kwenye vitako vyake. Hakuna mtu mwingine aliyeziandika, wala aliyekuja kutuuliza.

Sasa tuje kwenye hoja yetu. Kinachowapa wakusanyaji hawa usingizi mzuri si bastola, ni karatasi. Ukilipa ada, taasisi ya kihistoria ya kampuni hiyo inapekua vitabu vya zamani na kukutumia barua inayosema bastola yako ilitoka kiwandani tarehe gani, ikiwa na mtutu wa urefu gani, na ikapelekwa duka gani au kwa nani. Mwaka 1935 ilipotoka ile ya .357 Magnum, ambayo ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, mnunuzi aliweza kupata cheti chenye jina lake na namba ya usajili. Kama 5,500 zilisajiliwa hivyo. Leo anayeipata moja pamoja na cheti chake anaona ameokota almasi.

Makarani wale walifanya hayo bila kompyuta. Sisi tuna Itifaki ya Nairobi, ambayo Burundi, Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zilitia saini tangu mwaka 2004, na ndani yake mmeandikwa kuwa kila silaha iwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Tuna pia Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2017. Je, msomaji uliye nyumbani, umewahi kumsikia mbunge wako akiuliza bungeni ni bunduki ngapi za serikali zimekwisha wekwa alama, na daftari lake analo nani?

Wala tusidhani Marekani wamelimaliza. Sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kuanzisha daftari la taifa la bunduki, hivyo polisi wakitaka kufuatilia moja, watumishi wa kituo cha Martinsburg, West Virginia, wanapekua makaratasi ya maduka yaliyofungwa. Mzee wetu anaiunga mkono sheria hiyo. Anataka kujua bastola yake ilikuwa kwa nani mwaka 1917, lakini hataki serikali ijue iko kwa nani leo. Tulibishana garini njia nzima. Anasema serikali ikijua silaha zilipo itakuja kuzichukua, kisha itakuja kukuchukua wewe.

Hofu hiyo tunaifahamu kuliko anavyodhani. Ndiyo maana daftari tunalolidai sisi linaanza na silaha za serikali yenyewe: ya askari huyu, ya polisi yule, nani alikabidhiwa ipi, usiku gani, na risasi ngapi zilirudi ghalani asubuhi. Mkulima mwenye gobori lake atafuata baadaye.

Hapo mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza yale maganda matatu yaliandikwa nini kwenye vitako. Tulijaribu kukumbuka, tukashindwa. Daftari lilibaki Bujumbura.