Muda Uliobaki ni Mali ya Mgonjwa

Makaburi ya Kinondoni hayachagui umri. Aprili 10, 2012, maelfu ya watu walijitokeza kumzika mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki siku tatu kabla akiwa na miaka 28. Kifo cha ghafla hakibishi hodi. Hakimpi mtu nafasi ya kuaga wala ya kulipa deni. Wapo, hata hivyo, wengi ambao kifo huwabishia hodi mapema: wenye saratani iliyosambaa, moyo uliochoka au figo zilizoshindwa kazi. Hao wamepewa kitu ambacho aliyeondoka ghafla hakukipata, nacho ni muda. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi wanaowanyang'anya muda huo ni watu wanaowapenda.

Kuanzia Tandale hadi Mbagala, hali ni ileile. Ndugu humvuta daktari pembeni na kumsihi: "Mzee asiambiwe, atakata tamaa." Daktari, mwenye foleni ndefu mlangoni, hukubali. Mgonjwa huahidiwa kupona. Kiwanja huuzwa kulipia tiba isiyoweza tena kuponya, na siku zake za mwisho huishia kwenye mabenchi na ndani ya daladala. Akishazikwa, wosia haupo, madeni hayajulikani, na kaka yake waliyekosana naye hubaki na maneno ambayo hayana tena wa kumwambia.

Nia ya kuficha ni huruma, wala haifai kubezwa. Lakini mgonjwa anaujua mwili wake. Huona nguo zinavyompwaya. Husikia mazungumzo yakikatika anapofumbua macho. Kumficha hakumwondolei hofu, bali humwacha nayo peke yake.

Kusema ukweli si kutaja tarehe ya kifo, kwani hakuna daktari aijuaye. Ni kumuuliza mgonjwa kwanza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, angependa kujua kiasi gani, na nani awe karibu wakati wa mazungumzo. Kisha kusema kwa lugha nyepesi, na kutoondoka haraka. Asiyetaka kujua naye aheshimiwe, ila uamuzi huo uwe wake mwenyewe.

Wala ukweli si mwisho wa tiba. Mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, ambako mofini ya kunywa, dawa ya gharama ndogo, imewatuliza wagonjwa wengi wakiwa majumbani mwao. Mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa kuingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Hapa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa huduma hiyo. Maumivu yakitulia, mgonjwa hurudi kuwa mzazi, jirani na mwenye nyumba.

Anayejua kwamba muda wake ni mfupi anaweza kumwita kaka yake kutoka Tanga, kuwaonyesha wanawe mipaka ya kiwanja, na kuketi barazani jioni na wajukuu. Mwenye afya naye hana hati ya kesho. Mambo hayohayo anaweza kuyafanya leo, bila kungoja majibu ya vipimo.