Vigae vya Kilwa Visiokotwe

Ndugu mwandishi, mapenzi yako kwa vitu vidogo vya safarini yamenigusa moyo, nami naona hapana hidaya ya msafiri iliyo bora kuliko ile isiyonunuliwa. Lakini niruhusu niwakumbushe wasomaji wenzangu kwamba si kila kilicholala chini ni halali kuokotwa. Atembeaye Kilwa Kisiwani wakati wa maji kupwa, kando ya magofu ya mji ule alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wa majengo yake, huona mchangani vigae vya sahani za Kichina na vya vyombo vya Uajemi, ving'aavyo kwa buluu na kijani, na mkono humwasha kutia kimoja mfukoni. Akiache! Kigae kikiwa mahali pake humwambia mtaalamu biashara ya mji ilifika wapi na katika karne gani, ila kikishahamia kabatini kwa mtu hakina tena ushahidi wa kutoa. Makombe nayo ni vivyo hivyo, kwani wako kaa wadogo ambao kombe tupu la konokono wa pwani ndilo nyumba yao. Mimi hutosheka na daftari: huchora ua lililo juu ya kigae, nikaandika saa, upepo na hali ya maji, na stakabadhi ya kibali nilichopewa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka huibandika ukurasa huohuo.